Siku Bibi Alipoomba Mwavi

Ilikuwa Jumanne ya mwezi wa sita, miaka michache kabla ya Uhuru, nilipompoteza bibi yangu mzaa mama. Hakufa kwa ugonjwa. Alikunywa mwavi mchana kweupe, mbele ya watu, kwa kutaka mwenyewe, na hakutapika.

Wa rika langu hawahitaji kuelezwa sana mwavi ni nini, ingawa wengi wetu tuliusikia kwa jina tu, kwa sababu Serikali ya Mwingereza ilikuwa imeupiga marufuku. Ni gome la mti. Huanikwa, hupondwa, hutiwa maji, na mtu aliyetajwa kuwa mchawi hupewa anywe. Akitapika, hana hatia. Asipotapika hufa, na kule kufa ndiko hukumu yake.

Sikuwahi kuandika habari hii. Mwaka huu nilikwenda gulioni Igowole kutafuta mbegu za maharage, nikapita karibu na kijana anayeuza dawa za miti. Alikuwa anachekecha unga wa gome jekundu. Nikapiga chafya, nikapiga tena, machozi yakanitoka. Kijana akacheka, akasema, "Bibi, hiyo ni ya tumbo tu, haina neno." Labda kweli ilikuwa ya tumbo. Nilirudi nyumbani bila mbegu.

Tulikaa kilimani, mwendo wa asubuhi moja kutoka Igowole, mahali ambapo ukungu ukishuka huoni hata banda la mbuzi. Baba yangu alikuwa amekwenda Chunya kuchimba dhahabu, na kwa kuwa hakurudi wala hakutuma neno, Mama alinichukua tukarudi kwao. Nyumba ya Bibi ilikuwa upande wa juu, na ya mjomba wangu Lusiano upande wa chini, kati yao bustani ya viazi. Mimi nililala na Bibi. Nilikuwa na umri wa kubeba kibuyu kidogo cha maji kichwani bila kukimwaga.

Bibi alikuwa mtu wa adabu kuliko wote niliowajua. Hakuwahi kupita mbele ya mwanamume aliyeketi bila kuinama. Alinifundisha kupiga magoti ninapompa mkubwa kitu, kupokea kwa mikono miwili, na zaidi ya yote alinifundisha kunywa. Mwanamke akipewa kinywaji mbele ya wakwe, yaani wazazi na ndugu wa upande alikooa mwanawe, hugeuka kidogo, huvuta nguo ikafunika mdomo, kisha hunywa kidogo kidogo, kana kwamba hana kiu. "Mwanamke anayegugumia mbele ya wakwe," alisema, "ni sawa na ng'ombe mtoni. Tofauti yake ni mkia tu." Nilikuwa nagugumia makusudi ili aniulize mkia wangu uko wapi.

Mjomba Lusiano alikuwa ameoa msichana wa ng'ambo ya bonde, jina lake Emiliana. Mtoto wao wa kwanza alifariki kabla hajaota meno. Wa pili alikaa, akatambaa, akaanza kuniita kwa sauti yake isiyo na maneno, halafu katika baridi ile ya mwezi wa tano akapata kikohozi. Bibi alimchua kifua kwa mafuta, akamfukizia majani, akakesha naye. Naye akafa.

Baada ya maziko watu wakaacha kuja kuomba moto nyumbani kwetu. Zamani asubuhi haikupita bila mtoto wa jirani kuja na kigae kuchukua kaa la moto. Sasa walikwenda mbali zaidi, nyumba za mbele, wakirudi wakipuliza makaa yasizimike njiani. Mimi niliwaza kwamba ni kwa sababu ya ugoro wa Bibi, maana ulikuwa na harufu kali, nikamshauri auache. Bibi akanitazama, akasema, "Nitajaribu, mama." Alizoea kuniita mama.

Siku moja tulikuwa tumekaa jikoni, Emiliana akaja akasimama mlangoni. Hakusalimia. Hakusema hata kamwene, salamu yetu ya Kihehe. Alikuwa amefunga tumbo kwa kitambaa kama wanavyofunga wafiwa, na maziwa yalikuwa yamelowesha nguo yake kifuani. Akamwambia Bibi, "Umeshiba sasa?"

Chungu kilikuwa bado motoni. Nikajibu mimi, "Bado hatujala, mama mdogo. Karibu."

Hakuna aliyecheka wala kunigombeza. Emiliana akaondoka. Mama, aliyekuwa anachambua mboga, akaendelea kuchambua jani lile lile mpaka likaisha mkononi. Nilikuwa sijui kwamba kwetu mchawi husemwa anakula watu. Nilifikiri Emiliana alikuwa na njaa.

Jioni Mjomba Lusiano alipanda juu. Alikaa kwenye kigoda karibu na mlango, kofia mikononi, na kwa muda mrefu alizungumza habari za mbuzi aliyevunjika mguu. Bibi akamwacha amalize.

"Sema kilichokuleta, Lusiano."

"Wakwe wanasema, Mama."

"Wanasema nini?"

"Wanasema tu."

"Basi na mimi nasema. Nileteeni mwavi."

Mama akaruka. "Mama! Usitamke hilo neno!"

"Nimelitamka. Nimezaa, nimezika, sijamwibia mtu hata hindi. Leo nasalimiwa kwa mbali kama mwenye ukoma. Nileteeni mwavi, watu wote waone."

"Serikali imekataza," alisema Mjomba. "Ukikamatwa ni jela."

"Serikali imekataza kuua," alisema Bibi. "Mimi siui mtu. Mimi nataka kutapika."

Nawaomba mnielewe hapa. Bibi hakuwa mjinga wala hakuwa amechoka kuishi. Aliamini mwavi kama mwingine anavyoamini mizani ya dukani. Aliwahi kuona watu wakiunywa enzi za Mjerumani, na wale aliowajua kuwa wema walitapika. Aliyekuwa na hofu ni Mama, na hofu yenyewe ilimfanya Bibi amtazame kwa jicho la kuuliza. "Unaogopa nini, Rosina? Unajua kitu nisichokijua mimi?" Baada ya hapo Mama angesema nini tena?

Mimi nilifurahi. Nasema ukweli. Niliusubiri mwavi kama watoto wanavyosubiri sikukuu. Bibi atatapika, watoto wa jirani watarudi na vigae vyao, na Emiliana atatuomba radhi na kula na sisi.

Siku yenyewe jumbe wetu aliamka mapema akaenda kumtembelea dada yake, ili asione. Watu walishuka bondeni, kwenye miti ya miwati, mahali ambapo njia haipiti. Wakwe waliketi upande mmoja juu ya ngozi za mbuzi, baba yake Emiliana katikati, mzee mrefu mwenye kilemba. Sisi tuliketi upande wa pili. Mganga alikuwa ametoka mbali. Sikumjua kwa jina mpaka nilipolisikia mahakamani, na sitaliandika. Alivaa koti la jeshi lililobaki na kifungo kimoja, na alikuwa mpole. Alinisalimia. Aliniuliza kama nasikia baridi.

Alipoanza kuponda gome, vumbi likapanda, watu wote wakaanza kupiga chafya. Wakwe walipiga chafya, Mjomba alipiga chafya, na mganga mwenyewe akafuta pua kwa mkono wa koti. Mtu mmoja nyuma akasema, "Leo mwavi umetukamata sote, turudini nyumbani." Watu wakacheka. Hata Bibi alicheka. Kwa kitambo kidogo kila mtu alimtazama kama zamani.

Maji yalikuwa mekundu kahawia, kama chai iliyokaa. Bibi akapiga magoti. Akapokea kibuyu kwa mikono miwili, akasema kwa sauti ya kusikika, "Kama nimemla mtoto wa mwanangu, baki tumboni uniue. Kama sikumla, toka." Halafu akageuka pembeni kidogo, akavuta nguo yake ikafunika mdomo, akanywa.

Akanywa kidogo. Akapumzika. Akanywa tena kidogo.

"Maliza, mama," alisema mganga.

"Namaliza, baba. Mbona unanikimbiza, si nimekuja mwenyewe?"

Na akaendelea hivyo hivyo, funda dogo baada ya funda dogo, nguo mdomoni, mgongo umenyooka, mpaka kibuyu kikaisha. Baba yake Emiliana akamwinamia mwenzake, nikamsikia akisema, "Mama huyu ana adabu." Mwenzake akatikisa kichwa kukubali.

Wakamwambia atembee. Akatembea kati ya miti, akienda na kurudi, na mimi nikawa natembea nyuma yake nikikanyaga alama za nyayo zake. Aliniambia anasikia baridi ya miguu. Baadaye akasema miguu haisikii kabisa. Akaegemea mti. Jasho lilimtoka usoni katika baridi ile, akawa anameza mate, anameza, na kila mtu akainamisha shingo mbele kungojea. Hakuna kilichotoka. Akakaa chini polepole, akanyoosha nguo ikafunika magoti yake.

Mama akakimbia. Alimshika Bibi kidevu, akajaribu kumtia vidole kooni. Kaka yake Emiliana akamvuta Mama kwa nguvu, wakaanguka wote wawili. Mganga akasema, bila kupandisha sauti, "Mwache. Ukweli hausaidiwi."

Nilidhani Bibi amelewa. Nilikuwa nimeona watu wakilewa ulanzi wakalala kwenye majani, na asubuhi wakaamka wakiuliza kofia zao. Nikapanda mlima mbio kwenda kuchukua blanketi. Niliporudi watu walikuwa wanaondoka. Hawakulia. Mtu aliyeuawa na mwavi haliliwi, hanyolewi nywele, haletwi nyumbani. Walipita kando yangu mmoja mmoja, kila mtu akikunja nguo yake ili isiniguse. Mjomba Lusiano alikuwa amebaki na jembe. Alimchimbia pale pale, chini ya miwati. Mama alikuwa amekaa chini na mdomo wazi, lakini sauti haikutoka. Nikampa blanketi. Akalitupa shimoni.

Siku ya pili Mama alisema maneno aliyoyashika kwa miezi yote iliyofuata. "Serikali itasema." Alimaanisha kwamba kama watu wa kilimani wamesema Bibi ni mchawi, basi Serikali, yenye askari na vitabu na daktari, itasema hakuwa mchawi, na ikishasema, Bibi atafukuliwa, ataletwa juu, atazikwa kwa wenzake, na ataliliwa kama mtu. Hakutaka kitu kingine. Hakutaja kisasi hata mara moja. Mjomba alimwomba asiende. "Utaniharibia na wakwe," alisema. Mama akamjibu, "Wewe umeshaharibika, kaka." Akanifunga kibwebwe, tukashuka barabarani, tukapanda lori la mbao kwenda Iringa.

Hatukuwa na ndugu mjini. Aliyetupokea ni mwanamke wa Kihesa, Bi Mwanahawa, ambaye wazazi wake walitoka Pwani, na yeye alizaliwa Iringa lakini alizungumza kama amefika jana kutoka Bagamoyo. Alikuwa anapika vitumbua na kuviuza barazani kwake. Mama alikuwa amemwomba maji tu, akatupa na chumba. Kiswahili chake sikukielewa vizuri, maana kwetu tulizungumza Kihehe, nacho Kiswahili kilikuwa cha kanisani na cha jumbe. Lakini alikuwa akizungumza bila kupumzika, nikajifunza.

"Wewe mtoto," aliniambia, "ukiitwa na bwana jaji, useme kwa kinywa kipana. Usinong'one kama kuku mwenye kideri."

"Kideri ni nini?"

"Ni ugonjwa wa kuku wanaonong'ona."

Mama alipomweleza habari yetu, Bi Mwanahawa aliacha kugeuza vitumbua, vikaungua. "Astaghfirullahi," alisema. "Kwa hiyo mama yako angetapika angekuwa mwema?"

"Ndiyo."

"Na mimi nikipanda lori natapika mpaka nyongo. Basi mimi ni walii." Kisha akaona uso wa Mama, akasema taratibu, "Nisamehe, mwanangu. Nisamehe sana."

Mama alipopeleka habari bomani, askari na daktari walikwenda kilimani kumfukua Bibi. Mama alisikia habari hiyo akaamini kwamba safari ya kumpandisha imeanza. Lakini walipomaliza kazi yao walimrudisha katika shimo lile lile, wakaondoka na vitu ndani ya chupa. Mganga alikamatwa, na baba yake Emiliana akakamatwa kwa kumleta. Tukangoja Kihesa mpaka mvua zikaja, mpaka jaji alipofika kusikiliza kesi za mkoa.

Chumba cha mahakama kilinukia sakafu iliyopakwa nta. Jaji alikuwa Mzungu mzee mwenye shingo nyekundu. Pembeni yake walikaa wazee wa baraza, Waafrika, wamevaa kanzu na makoti. Mkalimani alikuwa kijana wa Kalenga, nywele zake zimegawanywa kwa njia iliyonyooka. Nikasimamishwa mahali ambapo mbao zilinifika kidevuni.

Jaji alitaka kujua kwanza kama mtoto mdogo kama mimi anafahamu maana ya kusema kweli. Mkalimani akaniuliza kwa Kihehe.

"Nafahamu," nikasema. "Mtu akisema kweli, anatapika."

Mkalimani alipotafsiri, jaji aliandika kitu, na mmoja wa wale wazee wa baraza akainamisha uso akawa anatazama viatu vyake.

Nilikuwa nimekauka koo, nikakohoa. Jaji akaashiria, karani akaniletea maji katika bilauri, kutoka kwenye chombo kilichokuwa mezani kwa jaji mwenyewe. Hapo ndipo nilipoelewa, au nilidhani nimeelewa. Kumbe na hawa wana mwavi wao. Wao wamesema ni marufuku kwetu kwa sababu wana wao. Nikaanza kulia, nikashikilia ukingo wa mbao, nikamwambia mkalimani kwamba mimi sikumla mtoto yeyote. Alihangaika kunieleza. Mwishowe jaji, ambaye naamini sasa alikuwa mtu mwema, alijimiminia maji akanywa mbele yangu, bilauri nzima, kwa mkupuo, akanionyesha kuwa imekwisha. Nikamtazama kwa muda mrefu. Hakutapika. Nikajua kwamba atakufa, nikamhurumia, nikajibu maswali yake yote.

Wakili wa washitakiwa aliniuliza kama kuna mtu aliyemlazimisha Bibi.

"Hapana. Alisema mwenyewe, nileteeni."

"Alishikwa?"

"Hapana. Alipiga magoti."

Nilimwona Mama akifumba macho. Baadaye nje alinishika mkono, akasema, "Umesema kweli," kwa sauti ambayo haikunisifu wala kunilaumu.

Daktari alisema maneno mengi kwa Kiingereza, na mkalimani akayafupisha kwa Kiswahili. Alisema sumu ile inaua moyo. Akasema pia kwamba mtu akiimeza kwa mkupuo, tumbo hushituka likairudisha, akapona. Bali akiinywa kidogo kidogo, tumbo halishituki, nayo hupenya. Jaji akauliza marehemu aliinywaje. Mkalimani akasoma maneno yangu mwenyewe: kidogo kidogo, akiwa amefunika mdomo.

Mama hakuelewa Kiswahili kile cha haraka. Akaninong'oneza, "Amesema nini?"

Nikamwambia kama nilivyoelewa. "Amesema Bibi angegugumia, angepona."

Mama akageuka, akamtazama baba yake Emiliana pale alipokuwa amekaa na askari. Mzee yule naye alikuwa amesikia. Alikuwa ametazama mikono yake. Alikuwa ndiye mkwe. Ni kwa heshima yake Bibi alikunywa vile. Sijui aliwaza nini, na sitamwekea mawazo kichwani.

Hukumu ilisomwa siku nyingine. Mganga alionekana na hatia ya kuua bila kukusudia, akafungwa. Baba yake Emiliana aliachiwa, kwa sababu marehemu aliomba mwenyewe. Watu wakaanza kusimama. Mama akasimama pia, lakini hakwenda mlangoni. Alimfuata mkalimani.

"Mwambie bwana jaji hajamaliza."

"Amemaliza, mama."

"Hajasema. Mama yangu alikuwa mchawi au hakuwa mchawi?"

Mkalimani akatazama nyuma. Jaji alikuwa bado anafunga makaratasi yake. Kijana yule alikuwa na huruma, akaenda akamwinamia, akazungumza naye. Jaji akamtazama Mama juu ya miwani, akajibu kwa maneno machache.

"Anasema," mkalimani alisema, "Serikali haiamini uchawi. Kwa hiyo mahakama haiwezi kusema kama mtu alikuwa mchawi au hakuwa. Hilo halimo katika kesi."

"Sasa hiki tulichokaa hapa kusikiliza ni kesi gani?" Mama aliuliza.

Bi Mwanahawa alikuwa akitungoja nje na vitumbua kwenye kitambaa. Aliona uso wa Mama, akavifunga tena.

Tulirudi kilimani. Mama alimweleza kila aliyekubali kusimama habari za daktari, mkupuo na kidogo kidogo. Walimsikiliza vizuri. Mzee mmoja akamjibu bila ubaya, "Mwanangu, mwenye haki hutapika hata akinywa kwa kijiko." Wengine walisema mganga amefungwa kwa kuwa amesema kweli, na hiyo ndiyo desturi ya Wazungu. Bibi alibaki bondeni. Mjomba alikataa kumpandisha, na Mama peke yake hakuweza.

Halafu Emiliana akazaa. Alizaa mtoto wa kiume, mnene, mwenye sauti. Baridi ikaja, watoto wa jirani wakakohoa, yeye hakukohoa. Akaota meno. Akatambaa hadi kwenye bustani ya viazi akala udongo, akacheka. Watu walipita wakamtazama, wakatazama bondeni. Watoto wakaanza tena kuja na vigae kuomba moto, nyumbani kwetu kwenyewe, kwenye moto ule ule.

Mama alimpenda yule mtoto. Alimbeba mgongoni akipalilia. Lakini nilimwona mara nyingi akiacha jembe, akimvuta mbele, akimtazama kifua chake kinavyopanda na kushuka bila kukwama, kama mtu anayetafuta kikohozi asikione.

Siku moja tukiwa tunavuna maharage, aliniuliza bila kuinua uso. "Ulipokuwa unalala na Bibi yako, aliwahi kutoka nje usiku?"

"Alitoka kwenda haja."

"Alikawia?"

"Sijui. Nilikuwa nimelala."

Akatikisa kichwa, kama vile nimejibu kitu kingine. Ningeweza kusema hakukawia. Lakini kweli nilikuwa nimelala. Na tangu siku hiyo, nikisema sikuwahi kujiuliza mimi mwenyewe, nitakuwa nadanganya. Nililala kwenye ngozi ya Bibi peke yangu, nikajaribu kukumbuka kama mlango ulilia, na kadiri nilivyojaribu ndivyo nilivyousikia ukilia.

Baada ya mavuno ukoo ulikusanyika kutambika. Mwaka uliotangulia watu hawakutambika kwa sababu ya kesi. Walikuja pia wakwe, na baba yake Emiliana akapewa kigoda. Ilikuwa asubuhi, ukungu umeanza kuachia. Kwenye makaburi ya juu, wafu wa ukoo huitwa kwa majina, mmoja mmoja, na pombe ya ulezi humwagwa kidogo chini kwa kila jina, ili wajue hawajasahauliwa.

Mjomba alitaja upande wa baba yao. Kisha mzee wa ukoo akasema, "Rosina, wewe ndiye mkubwa. Taja upande wa mama yako."

Mama akapiga magoti, akapokea kibuyu. Mtoto wa Emiliana alikuwa mgongoni kwake, akivuta kitambaa chake cha kichwa. Mama akamtaja mama yake Bibi, akamwaga. Akawataja dada za Bibi, yule aliyefia Usangu na yule aliyefia uzazini, akamwaga. Akamtaja kaka yao aliyechukuliwa na vita vya Wajerumani asirudi. Akafika pale ambapo jina lililobaki lilikuwa moja. Mjomba Lusiano alikuwa anatazama chini. Mimi nililiita kimoyomoyo ili nimsaidie.

Mama alikaa hivyo, kibuyu kimeinama lakini hakimwagi.

"Na wengine wote," akasema, "tusiowajua."

Akamwaga iliyobaki, akasimama, akampa Mjomba kibuyu kitupu.